Homa imeshuka, mukojo umekuwa mweusi: namna malaria inamaliza damu ya watoto wenye walikuwa wazima

Katika mikoa ya mashariki ya Congo, malaria ni ugonjwa wenye kila nyumba inaujua. Mutoto anapata homa, anapelekwa kwenye kituo cha afya, anapewa vidonge vya siku tatu, na kisha juma moja amerudi kucheza na wenzake. Lakini kwa watoto wachache mambo hayaendi hivyo. Damu yao inaisha kwa siku mbili ao tatu, wengine mukojo wao unakuwa mweusi kama kahawa, na mutoto mwenye hakuwa na ugonjwa mwingine wowote anafika hopitali akiwa hawezi tena kukaa. Waganga wanajua namna ya kumuokoa. Swali kwa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika ni kujua kama ule musaada unamufikia, na kama unamufikia kwa saa yenye inafaa.

"Ni malaria tu"

Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka Congo kwenye nafasi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria. Zaidi ya mugonjwa mumoja kwa kumi wa malaria duniani ni wa Congo, na wenye wanakufa zaidi ni watoto wenye hawajafikisha miaka mitano. Ule wingi wenyewe njo unazoeza watu. Wazazi wengi wa Beni, Fizi, Irumu ao Walikale wakiona mutoto ana homa wanasema "ni malaria tu", wananunua dawa kwenye farmasi ya karibu, na wanangoja.

Mara nyingi mutoto anapona. Kidudu chenye kinaleta malaria nyingi katika Congo, Plasmodium falciparum, kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaana humo, kinazipasua kila siku mbili, kisha kinaingia katika zingine. Mutoto mwenye anapata dawa ya kweli haraka, mwili wake unavumilia ile hasara na unatengeneza damu ingine.

Hatari inaanza pale chembe zinapasuka kwa wingi kuliko vile mwili unaweza kuzirudisha. Na haziharibike zile zenye kidudu peke yake. Hata chembe zenye hazina kidudu zinazeeka mbele ya wakati, bandama inaziondoa, na uboho wa ndani ya mifupa, penye damu inatengenezewa, unapunguza kazi. Kwa hiyo mutoto anaweza kukutwa na vidudu vichache kwenye maabara, na huku amepauka kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Mutoto wa kilo 10 ana damu ya karibu mililita 800 mwilini mwote. Haijaze hata chupa ya lita moja. Hemoglobini, ile kitu chekundu yenye inabeba hewa ndani ya damu, kwa mutoto mudogo muzima inapaswa kuwa karibu gramu 11 ao zaidi kwa desilita. Ikishuka chini ya 5 na kuko malaria, OMS inahesabu ile kuwa malaria kali yenye upungufu mukubwa wa damu. Mutoto wa namna hiyo moyo wake unapiga mbio, na anapumua kwa nguvu sababu mwili unatafuta hewa yenye damu haiwezi tena kubeba. Wazazi wengi wanaona pumzi tu, wanafikiri ni kifua, wanatafuta dawa ya kikohozi. Wakati huo viganja vya mikono na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe.

Kuko pia mawazo kwamba shida ya damu ni ya watoto wenye drepanositozi, wale wenye watu wanaita "SS", ao wale wenye utapiamlo. Kweli hao wako katika hatari kubwa zaidi. Lakini watoto wengi wenye wanahitaji damu kwa sababu ya malaria hawana historia yoyote ya ugonjwa wa damu. Walikuwa wazima juma lenye lilipita. Mama akiambiwa na muganga kwamba mutoto wake anahitaji damu leo, anashangaa na kuuliza: "Huyu mwenye alikuwa anacheza juzi?" Ndiyo, ni huyo.

Mukojo wa rangi ya Coca

Kati ya matatizo ya damu yenye malaria inaleta, kuko moja lenye linaogopesha familia zaidi sababu linaonekana kwa macho. Chembe nyekundu zinapasukia ndani ya mishipa yenyewe, nyingi kwa wakati mumoja. Hemoglobini inamwangika ndani ya damu, inapita kwenye figo, inatoka na mukojo. Mukojo unakuwa mwekundu wa giza, kisha mweusi kama Coca-Cola ao kahawa. Macho yanakuwa ya manjano. Mutoto anapauka kwa saa chache. Hopitalini familia inaweza kusikia jina la Kifaransa: fièvre bilieuse hémoglobinurique.

Ni ugonjwa wenye historia ndefu katika Afrika ya kati. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ulikuwa unaogopwa sana na Wazungu wenye walikuwa wamekuja kuishi huku, wengi wao wakimeza kinini leo na kuiacha kesho. Kisha vita ya pili ya dunia klorokini ilichukua nafasi ya kinini, na mukojo mweusi ulikuwa karibu kusahaulika. Klorokini iliposhindwa na vidudu, kinini ilirudi, na ugonjwa nao ulirudi. Mara hii ulionekana kwa watoto Waafrika. Mwaka 2005 madaktari walichapisha habari za watoto wa Burundi, majirani wa Kivu ya Kusini, wenye walikuwa na hali hiyo.

Namba zenye kushangaza zaidi zinatoka Uganda. Katika utafiti mukubwa uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania juu ya watoto zaidi ya 3,000 wenye walifika hopitali na homa kali, watoto 394 walikuwa na mukojo mweusi. Kati yao, 318 walitoka sehemu mbili tu za mashariki ya Uganda, Mbale na Soroti. Kwenye hopitali mbili za pwani, upande wa Kenya na Tanzania, walikuwa wachache sana. Kumbe ugonjwa wenye vitabu vinaita wa mara chache unaweza kuwa wa mara nyingi mahali fulani, na kukosa kabisa mahali pengine, hata kama malaria ni ileile.

Hakuna sababu moja yenye inaeleza yote. Kinini na dawa zenye zinafanana nayo zimetajwa muda murefu, zaidi kwa watu wenye wanazipata mara kwa mara bila kumaliza matibabu. Malaria yenye inarudi-rudi inahesabiwa pia. Kuko watoto wenye wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kinga fulani ya chembe nyekundu. Wakipewa dawa kama primakini, chembe zao zinaweza kupasuka. Na kuko wenye hawana hata moja ya mambo hayo.

Kuko mutego mumoja kwa wauguzi. Saa mukojo umekuwa mweusi, vidudu katika damu vinaweza kuwa vimebaki vichache sana ao vimeisha, sababu chembe zenye zilivibeba zimekwisha kupasuka. Maabara inaangalia kwenye mikroskopi na kuandika "hakuna malaria". Muuguzi akisimama hapo, mutoto anarudishwa nyumbani ao anatibiwa ugonjwa mwingine. Karatasi ya kupima mukojo inasaidia: inaonyesha damu, lakini kwenye mikroskopi chembe nyekundu hazionekane ndani ya mukojo. Hiyo inatenganisha hali hii na bilharzia ya mukojo, yenye inatoa damu kamili.

Kuko pia mutego wa nyumbani. Katika Kivu, mutoto mwenye macho ya manjano, mwenye anatapika na kukojoa vitu vyeusi, ni rahisi watu waseme amepewa karuho, ile sumu yenye inazungumuzwa sana. Anapelekwa kwa mutu wa dawa za kienyeji ili atapishwe. Siku mbili zinapita. Kwa mutoto mwenye hemoglobini inashuka kila saa, na mwenye figo zake zinaanza kuziba, siku mbili zinaweza kuwa ndizo zote alikuwa nazo.

Seromu ya kinini na dawa yenye iliichukulia nafasi

Muda murefu malaria kali ilitibiwa na kinini ndani ya seromu. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Congo ikiwa ndani, ulilinganisha kinini na artesunati ya sindano kwa watoto 5,425. Kati ya wenye walipata kinini, karibu 11 kwa mia walikufa. Kati ya wenye walipata artesunati, walikuwa 8 na nusu kwa mia. Tangu hapo OMS inaomba artesunati itumiwe mbele kwa malaria kali, na Congo ilibadilisha mwongozo wake.

Mwongozo umebadilika, lakini kinini haijatoka kwa watu. Ingali inauzwa, na wazazi wenyewe wanaiomba: wanaona seromu yenye inaning'inia ni matibabu ya kweli kuliko sindano ya dakika mbili. Kwa mutoto mwenye mukojo mweusi ile ni hatari ya kuepuka, sababu waganga wanashauriwa kusimamisha kinini na kuendelea na artesunati.

Seromu yenyewe nayo si mchezo. Utafiti uleule wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye matokeo yake yalitoka mwaka 2011, ulikuwa unajaribu kama kumwagia watoto wagonjwa seromu nyingi kwa haraka kunawasaidia. Ilikuwa kinyume. Wenye walipewa seromu nyingi kwa mbio walikufa zaidi: karibu 10 na nusu kwa mia ndani ya saa 48, wakati wenye hawakupewa hivyo walikuwa karibu 7 kwa mia. Mutoto mwenye damu yake imekuwa nyepesi, kumuongezea maji kwa haraka kunaweza kumuumiza. Anahitaji damu. Muzazi mwenye anamusukuma muuguzi aweke seromu ya pili na ya tatu anafikiri anasaidia.

Siku ya kumi, wakati wote wamesahau

Artesunati inaokoa, lakini ina jambo moja lenye familia nyingi hazijaambiwa. Dawa inaua kidudu kingali ndani ya chembe. Bandama inatoa kidudu kilichokufa na kurudisha chembe ndani ya damu, kama fundi mwenye anaondoa musumari kwenye pneu na kuirudisha barabarani. Zile chembe haziishi sana. Kisha juma moja mupaka matatu zinaisha karibu kwa pamoja, na hemoglobini inashuka mara ya pili, wakati mutoto yuko nyumbani na hana tena homa.

Hali hii ilionekana kwanza kwa wasafiri wenye walitibiwa Ulaya, kisha ikatafutwa kwa watoto Waafrika. Katika utafiti wa Gabon na Ghana uliotoka mwaka 2014, kati ya watoto 72 wenye walifuatiliwa, 5 waliipata. Mwaka ule ule, utafiti mwingine uliofanywa hapa Congo ulisema kwamba ni jambo lenye linaweza kusimamiwa, bila kuacha dawa. Wenye walikuwa na vidudu vingi sana kwenye damu ndio wako katika hatari zaidi.

Musimamizi wa jambo hili ni tarehe tu. Mutoto mwenye alichomwa artesunati anapaswa kurudi kupimwa hemoglobini, kwa mufano siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu ya kidole. Lakini kurudi kunaomba pesa ya pikipiki, siku moja bila kwenda shambani ao sokoni, na mutu wa kueleza sababu. Mutoto anaonekana amepona. Ni nani atarudi hopitali na mutoto mwenye anacheza?

Jambo lingine linapotea siku ya kutoka. Sindano za artesunati haziishie peke yake. Mutoto akianza kumeza, anapaswa kupewa vidonge kamili vya siku tatu. Familia yenye pesa imeisha inaondoka bila vile vidonge, na vidudu vichache vyenye vilibaki vinaanza tena.

Mufuko wa damu unatoka wapi?

Mutoto mwenye hemoglobini iko 3 hawezi kungoja vidonge vya kuongeza damu, wala bitruti, wala majani ya viazi vitamu. Vyote ni vizuri kwa mutoto mwenye anapona, lakini mwili unaomba majuma mengi kwa kutengeneza damu. Kwa huyu kunahitajika mufuko wa damu, karibu mililita 20 kwa kila kilo. Kwa mutoto wa kilo 10 ni mililita 200: chini ya nusu ya ile yenye mutu mukubwa mumoja anatoa.

Damu haitengenezwe kwenye kiwanda. Inatoka kwa mutu, inapimwa Ukimwi, hepatiti B, hepatiti C na kaswende, inachungwa kwenye frigo ya digri 2 mupaka 6, na haipite siku karibu 35. Kila hatua ina kitu chenye kinaweza kukosa: mufuko, dawa za kupimia, umeme, mafuta ya jenereta. Hopitali nyingi za vijijini hazina akiba. Zinangoja mugonjwa afike, kisha zinatafuta mutoaji ndani ya familia yake.

Hapo njo kuko ugumu. Baba yuko kwenye carrière ao amekimbia vita. Mama mwenyewe ana mimba ao ananyonyesha. Mjomba anaogopa kupimwa Ukimwi. Wengine wanasema mutu akitoa damu hairudi tena, ao itatumiwa kwa uchawi. Mutu muzima wa kilo 50 ao zaidi, mwenye ana miaka 18 kupanda, anaweza kutoa bila hatari: mwanaume kila miezi mitatu, mwanamuke kila miezi minne. Mahali kuko vikundi vya watoaji wa kujitolea, kwa mufano katika makanisa, masomo ya juu ao vyama vya motards, mutoto anakuta damu imekwisha kupimwa. Mahali vikundi havipo, saa zinaenda katika kutafuta mutu na kungoja kipimo.

Sayansi imesaidia pia kujua damu kidogo yenye iko itumiwe namna gani. Utafiti wa Uganda na Malawi juu ya watoto zaidi ya 3,000, wenye matokeo yalitoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba mutoto mwenye hemoglobini kati ya 4 na 6, mwenye hana dalili za hatari, anaweza kuangaliwa kwa karibu kabla ya kuwekewa damu, bila kuongeza hatari ya kufa. Lakini karibu nusu ya wenye walingojeshwa walikuja kuhitaji damu kisha. Kungojesha kunafaa pale muuguzi yuko, anapima tena, na damu inaweza kupatikana usiku. Kumurudisha mutoto nyumbani Bunyakiri ao Mambasa na kusema "tutaona" si kungojesha.

Barabara, vita, na mabonde

Mashariki ya Congo kuko jambo lenye vitabu vya waganga havisemi sana. Watu wa milima ya Masisi, Lubero ao Minembwe wanaishi mahali baridi, penye mbu ni wachache. Watoto wao wanakua bila kuzoea malaria. Vita vikiwashusha kwenye bonde la Ruzizi, kando ya ziwa ao kwenye msitu wa Walikale, wanaingia katika malaria nyingi wakiwa hawana kinga. Kwa hao, hata mutoto wa miaka 8 ao 10 anaweza kupata malaria kali kama wa miaka 2. Mutoto muzima wa mulimani, ndani ya hema la wakimbizi, si sawa na mutoto muzima mwenye alizaliwa bondeni.

Tena kuko njia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati wa vita vya mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ilifuata kuingia mikononi mwa AFC/M23 katika Februari. Banki zilifunga milango katika ile miji. Hopitali yenye ilikuwa inapokea vifaa vyake kwa ndege kutoka Kinshasa ilipaswa kutafuta njia zingine. Wakati ule ule, mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Kivu ya Kusini na Tanganyika zilikuwa kati ya mikoa yenye mpango wa Marekani wa kupambana na malaria ulikuwa unasaidia kwa dawa na vipimo.

Kwamba njia ni sehemu ya matibabu, ilionekana tayari mbele ya hayo. Kati ya 2018 na 2020, Congo, Nigeria na Uganda zilijaribu kwa upana dawa ya artesunati ya kuingiza kwa nyuma, yenye reko anaweza kumupa mutoto kijijini kabla ya kumutuma hopitali. Dawa ni nzuri, na inapunguza vidudu haraka. Lakini katika ule mradi haikupunguza vifo kama ilivyotumainiwa, sababu watoto wengi hawakufika hopitali, ao walifika na hawakumalizishiwa matibabu. OMS ilisimamisha kwanza upanuzi wa dawa ile, kisha ilitoa maelekezo mapya: itolewe pale tu kuna njia ya kufikisha mutoto kwenye matibabu kamili.

Hilo linagusa moja kwa moja mutoto mwenye damu inaisha. Artesunati inaweza kupelekwa kijijini ndani ya sanduku. Damu haiwezi. Ni mutoto njo anapaswa kufika penye damu iko, na kila barrière, kila daraja lenye limeanguka, kila deni lenye hopitali inadai mbele ya kuruhusu mugonjwa kutoka, linamuzuia huyo ao mwenye anafuata.

Mambo yenye wazazi na viongozi wanaweza kufanya

Kwa wazazi, dalili za kukimbia hopitali ni chache na zinaonekana bila mashini: viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe, macho ya manjano, mukojo mwekundu wa giza ao mweusi, pumzi ya mbio bila kukimbia, mutoto hawezi kukaa, kunyonya ao kuamuka vizuri, degedege. Mukojo ukibadilika rangi, unaweza kuwekwa ndani ya chupa safi yenye kuonyesha ndani na kupelekwa pamoja na mutoto, na pamoja na kila dawa yenye alikuwa amepewa, hata ya kienyeji. Muganga hatauliza kwa kugombana. Majina ya zile dawa yanabadilisha matibabu. Na heri watu wawili wakubwa wasindikize mutoto, mumoja akiwa tayari kutoa damu.

Kwa wauguzi, "hakuna malaria" kwenye mikroskopi haitoshe kumurudisha mutoto mwenye amepauka na mukojo wake ni mweusi. Na karatasi ya kutoka hopitali inapaswa kuandikwa tarehe za kurudi kupimwa damu, kwa lugha yenye mama anasoma.

Kwa viongozi wa afya wa mikoa, kuko jambo lenye ushahidi wake ni wenye nguvu na lenye halijazungumuzwa sana. Mutoto mwenye alitoka hopitali kisha upungufu mukubwa wa damu anabaki katika hatari kwa miezi. Katika Uganda, watoto wenye walikuwa na mukojo mweusi walionekana kurudi hopitali zaidi kuliko wengine. Utafiti uliofanywa Uganda na Kenya juu ya watoto 1,049, wenye ulitoka mwaka 2020, uliwapa dawa ya kuzuia malaria mara moja kwa mwezi, miezi mitatu kisha kutoka hopitali. Katika ile miezi, vifo na kurudi hopitali vilipungua karibu 70 kwa mia. Tangu 2022 OMS inapendekeza jambo hilo mahali malaria ni nyingi. Dawa si ya bei kubwa, na watoto wenye wanaihitaji wanajulikana kwa majina: wako ndani ya rejista ya hopitali, kwenye ukurasa wa wenye waliwekewa damu. Reko wa kijiji anaweza kupewa ile orodha.

Chandarua kinabaki kinga ya kwanza, na vidonge vya siku tatu vyenye vinamalizwa vinabaki matibabu ya kwanza. Watoto wengi hawatafika kamwe kwenye mukojo mweusi. Kwa wale wenye watafika, mwezi huu ao mwezi wenye unakuja, mambo matatu yataamua: muzazi kuangalia rangi ya viganja na mukojo hata kama homa imeshuka, frigo ya hopitali kuwa na mufuko mumoja wenye umekwisha kupimwa, na mutu mumoja wa kufuata mutoto mupaka siku ya 28. Hakuna hata moja kati ya hayo yenye inangoja dawa mpya.